Sura ya Saba: Waliolijenga Gereza la Shawshank

Iko desturi iliyoota mizizi miongoni mwa wapenzi wa senema, nayo ni kumvika mtu mmoja kilemba cha kazi iliyotolewa jasho na mamia, ama awe mwongozaji, ama awe mwigizaji ambaye uso wake umebandikwa kwenye matangazo ya ukutani. Filamu ya Kimarekani iitwayo The Shawshank Redemption, iliyotolewa mwaka 1994, ni shahidi mwema dhidi ya desturi hiyo, kwa kuwa kila aichunguzaye kwa makini atakuta kwamba haikuwa milki ya mtu mmoja hata siku moja. Ilikuwa kazi ya kundi la mafundi ambao, takriban wote, walikataa jambo fulani katika saa ya kukataa. Na kukataa huko, pamoja na mara chache ambapo mmoja wao alikubali kushindwa, ndiko kulikoipa filamu umbo lake. Sura hii itawatazama watu hao, baadhi yao kwa kituo na wengine kwa kupita, kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja.

Kwa msomaji ambaye hajaiona filamu hiyo, kisa chake kwa mukhtasari ni hiki: mtumishi mkubwa wa benki, Andy Dufresne, ahukumiwa mwaka 1947 kifungo cha maisha kwa kumuua mkewe na hawara wa mkewe, kosa ambalo hakulitenda, apelekwa gereza la Shawshank katika jimbo la Maine, afanya urafiki na mfungwa mkongwe aitwaye Red, mwenye sifa ya kuwapatia wenziwe chochote watakacho kutoka nje, na baada ya miaka kumi na tisa ya dhuluma, ambayo ndani yake amegeuzwa kuwa karani wa kuficha fedha za wizi za mkuu wa gereza, atoroka kwa tundu alilolichimba usiku baada ya usiku nyuma ya picha ya mwanamke mzuri iliyotundikwa ukutani. Msimulizi ni Red. Gereza lenyewe halipo duniani. Ni zao la fikira za Stephen King, mtunzi wa hekaya za kutisha, aliyekiandika kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1982 kiitwacho Different Seasons, ambacho ndani yake hamna zimwi wala mzuka wa kuzungumzwa, jambo ambalo liliwashangaza wasomaji wake wa siku zile.

Aliyekitoa kisa hicho kitabuni na kukitia machoni pa watu alizaliwa kambini. Frank Darabont alizaliwa mwaka 1959 katika kambi ya wakimbizi huko Montbéliard, nchini Ufaransa, na wazazi wa Kihungari walioihama nchi yao baada ya maasi ya mwaka 1956 kuzimwa kwa vifaru vya Kirusi, akachukuliwa Marekani angali mtoto mchanga. Si kawaida yangu kuzipima kazi za watu kwa mahali walipokatiwa vitovu, na msomaji asidhani kwamba kila azaliwaye kambini hukua akiota magereza. Hata hivyo ni vigumu kuyatazama macho ya wafungwa wale wanaoutazama ukuta bila kukumbuka kwamba mwongozaji wao aliuonja ulimwengu kwa mara ya kwanza ndani ya ua. Alianza kazi ya senema kwa utumwa mdogo mdogo, akibeba na kutumwa, kisha akawa mwandishi wa miswada ya filamu za kutisha za daraja la kati, kama vile The Blob na The Fly II. Hapo kabla, katika ujana wake, alikuwa amemwandikia King kumwomba idhini ya kutengeneza filamu fupi kutokana na hadithi yake moja, naye King, ambaye alikuwa na mazoea ya ukarimu ya kuwaachia wanafunzi wa senema hadithi zake fupi kwa dola 1 tu, aliipenda kazi ya kijana huyo. Mwaka 1987 Darabont alirudi kuomba kisa cha Shawshank. King alikubali, ingawa yeye mwenyewe hakuona ni vipi kisa ambacho sehemu yake kubwa ni mtu mmoja akitafakari juu ya mwenzake kingeweza kugeuzwa kuwa filamu. Hundi ya dola 5,000 aliyolipwa hakuipeleka benki. Miaka mingi baadaye aliitia fremu na kumrudishia Darabont, pamoja na kijibarua cha mzaha kwamba huenda siku moja akaihitaji kwa dhamana ya kutolewa mahabusu.

Mswada ulikaa muda mrefu kabla ya kuandikwa, lakini ulipoandikwa ulichukua majuma manane tu, na hapo ndipo kukataa kwa kwanza kulipotokea. Darabont aliupeleka kwa kampuni ya Castle Rock, ambayo mmoja wa wenyewe alikuwa Rob Reiner, mwongozaji aliyekwisha kupata sifa kubwa kwa filamu ya Stand by Me, iliyotokana na hekaya nyingine ya kitabu kile kile cha King. Reiner aliupenda mswada kiasi cha kutaka kuuongoza mwenyewe, akatoa ahadi ya fedha zinazozidi dola milioni 2, na azma yake ilikuwa kumpa Tom Cruise nafasi ya Andy na Harrison Ford nafasi ya Red. Fikiri hali ya Darabont: hakuwahi kuongoza filamu kubwa ya kuonyeshwa majumbani mwa senema, mfuko wake haukuwa mzito, na mbele yake zimewekwa fedha za kumtosha kwa miaka mingi, kwa sharti la kukaa pembeni tu. Alikataa. Rai yake ilikuwa kwamba fedha hupatikana tena, lakini nafasi ya kufanya kazi moja ya kweli katika umri wa mtu huenda isirudi. Na hapa insafu yataka Reiner naye atajwe, kwani angaliweza kabisa kuufunga mlango kwa hasira ya aliyekataliwa. Badala yake aliukubali uamuzi huo, kampuni ikatoa dola milioni 25 kumpa mtu asiyejulikana, na yeye Reiner akawa mshauri wake.

Suala la nani awe nani lilizua mengi. Tom Hanks aliombwa awe Andy, akakataa kwa kuwa alikuwa amejifunga na Forrest Gump, filamu ambayo, kama tutakavyoona, ilirudi kuisumbua Shawshank kwa namna nyingine. Kevin Costner naye alikataa kwa sababu ya Waterworld. Nafasi ikamwangukia Tim Robbins, mtu mrefu karibu mita 2, mwenye uso wa mtoto na macho yasiyosema yote yanayoyajua, ambaye mwaka 1992 alikuwa amepewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Cannes kwa filamu ya The Player. Urefu huo, ambao kwa mwigizaji mwingine ungekuwa kero, hapa ulifaa sana: mtu wa kimo kile akiinama kuingia katika chumba kidogo cha gereza, mtazamaji hana haja ya kuelezwa kwamba mahali pale si pake. Robbins alijitayarisha kwa bidii ya mwanafunzi. Aliwatazama wanyama waliofungiwa vizimbani, alizungumza na wafungwa na askari wa magereza, alifungwa pingu za mikono na miguu kwa saa kadhaa, na akakaa sehemu ya mchana katika chumba cha adhabu ya upweke.

Ama nafasi ya Red, katika kitabu huyo ni Mmarekani mweupe wa asili ya Kiayalandi, mwenye nywele nyekundu zilizompa jina lake. Yalitajwa majina makubwa, kama vile Gene Hackman, Robert Duvall, Clint Eastwood na Paul Newman, na lau Castle Rock ingalifuata kitabu herufi kwa herufi, mmoja wao angaliipata. Mtayarishaji mmoja wa kampuni hiyo, mwanamke aitwaye Liz Glotzer, aliyaweka kando maelezo ya kitabu na kumtaja Morgan Freeman. Ni uamuzi mmoja tu, uliotolewa na mtu ambaye watazamaji wengi hawajapata kulisikia jina lake, nao nathubutu kusema ndio uamuzi ulioiokoa filamu. Darabont hakuufuta mstari wa kitabuni ambapo Red aulizwa sababu ya kuitwa hivyo naye ajibu kwa kusingizia Uayalandi wake. Aliuacha kama ulivyo, ukageuka kuwa mzaha mtamu kinywani mwa mtu mweusi mwenye uso mkavu.

Freeman alizaliwa Memphis mwaka 1937, akatumikia jeshi la anga, na akaila njaa ya wasanii kwa miaka mingi, hata umaarufu wa senema ulipomfikia alikuwa amekaribia umri wa miaka hamsini. Mwaka 1993, mwaka ule ule wa kupigwa picha za Shawshank, ilitoka pia filamu ya kwanza aliyoiongoza yeye mwenyewe, Bopha!, inayohusu polisi mweusi katika Afrika Kusini ya ubaguzi, nayo ilipigwa nchini Zimbabwe. Kwa hiyo mtu aliyevaa sare ya mfungwa wa Shawshank alikuwa ametoka kuifikiri dhuluma ya dola kwa mizani ya mwongozaji, na huenda hiyo ndiyo sababu hakukubali kuelekezwa kama mtoto. Darabont, kwa wasiwasi wa mtu afanyaye kazi ya kwanza, alipenda kurudia tukio moja mara nyingi. Freeman aliona kwamba kurudia bila sababu iliyo wazi kunaila nguvu ya mwigizaji, na zipo nyakati alipokataa katakata. Mvutano huo haukuwa siri, na Darabont mwenyewe alikiri baadaye kwamba alijifunza katika kazi hiyo kuwa kila mwigizaji ana kipimo chake, na mwongozaji ni juu yake kukisoma.

Lakini mtu huyo huyo aliyejua kukataa alijua pia kutii pale palipostahili. Tukio la kwanza ambalo Andy amwendea Red uwanjani lamwonyesha Red akirushiana mpira na mfungwa mwenziwe huku akizungumza. Kulipiga tukio hilo kulichukua kiasi cha saa tisa, na katika saa zote hizo Freeman alirusha mpira bila kulalamika. Kesho yake alifika kazini mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Mwanawe, Alfonso, naye yumo filamuni: uso wake ndio tuuonao katika picha ya Red wa ujanani, ile iliyobandikwa kwenye karatasi za baraza la kuwaachilia wafungwa, na tena yumo miongoni mwa wanaopiga kelele za kuwakejeli wafungwa wapya siku ya kuwasili kwao.

Kila atazamaye filamu hii hutoka akiwa na chuki mbili, moja kwa mkuu wa gereza na nyingine kwa mkuu wa askari, na chuki hizo ni hisani tuliyotendewa na Bob Gunton na Clancy Brown. Gunton alitoka katika majukwaa ya michezo ya muziki ya New York, mtu aliyezoea kuimba mbele ya halaiki, na hapo kabla alikuwa amekwenda vitani Vietnam. Kwa kuwa siku alizokuja kujaribiwa alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya filamu nyingine, ilibidi avikwe nywele za bandia ili waajiri wake wapate kumwona Norton, mkuu wa gereza. Katika kitabu cha King gereza hupokezana wakuu kadhaa kwa kadiri miaka ipitavyo. Darabont aliwakusanya wote katika mtu mmoja, mwenye Biblia mkono mmoja na hesabu za wizi mkono wa pili, akampa Gunton mzigo wa kuuonyesha unafiki wa miaka ishirini bila kupaza sauti. Naye aliubeba kwa kusema polepole, kwa adabu ya mzee wa kanisa, jambo ambalo ni la kutisha kuliko rungu la Hadley.

Hadley huyo, mkuu wa askari, ndiye Clancy Brown. Wakati Robbins akihangaika kuzungumza na askari wa kweli ili ajifunze, Brown naye alipewa nafasi ya kukutana nao, akakataa. Alihofu kwamba ikisikika kuwa katili wake ametokana na askari wa Ohio, wale waliomkaribisha wangekuwa wamevunjiwa heshima bure. Waigizaji wawili, filamu moja, njia mbili zinazopingana, na zote zimefika. Wako wanaofundisha uigizaji ambao huapa kwamba njia ni moja. Ingewafaa kulitafakari jambo hili.

James Whitmore nimemwacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ni lazima tukae naye kidogo. Alizaliwa mwaka 1921, akatumikia jeshi la wanamaji katika Vita Kuu ya Pili, na akapendekezwa kupewa Oscar kwa filamu ya Battleground ya mwaka 1949. Darabont alikuwa amempenda tangu utotoni, akampa sehemu ya Brooks, mtunza maktaba mzee aliyekaa gerezani miaka hamsini hata ukuta ukawa jamaa yake. Katika kitabu, Brooks ni mtu wa kutajwa tu na kupitwa. Darabont na Whitmore walimpa nafsi, na takriban dakika zote ambazo mzee huyo yu nje ya gereza, akitembea barabarani kwa woga wa magari, akitia bidhaa mifukoni dukani kwa vidole vyenye baridi yabisi, akiishika kalamu kuwaandikia wenziwe, husimuliwa kwa sauti yake mwenyewe, sauti kavu isiyoomba huruma. Waandishi wetu wengi wangemliza. Whitmore hakumliza. Alimwacha mzee apange mambo yake kwa unadhifu, avae vizuri, achonge jina lake kwenye mbao ya dari, na mtazamaji ndiye abaki na kazi ya kulia.

Brooks ana kunguru amfugaye mfukoni, na kunguru huyo alizua kadhia ambayo siwezi kuipita. Liko tukio ambalo mzee amwomba Andy funza aliyemkuta katika chakula chake, ampe ndege ale. Shirika la Marekani linalosimamia hali ya wanyama katika filamu lilikuwa na mwakilishi wake pale, naye alipinga funza aliye hai kuliwa, akataka atafutwe aliyekufa kifo chake mwenyewe. Akatafutwa, akapatikana, na kazi ikaendelea. Katika filamu ambayo watu hupigwa hata kufa, kiumbe aliyesimamiwa haki zake kwa ukamilifu alikuwa huyo.

Baada ya watu, mahali. Gereza tulionalo ni lile la Mansfield, katika jimbo la Ohio, lililoanza kujengwa mwaka 1886 na kupokea wafungwa wa kwanza mwaka 1896. Mchoraji wake, Levi Scofield, aliliinua kwa mtindo wa makasri na makanisa ya Ulaya, kwa imani ya zama zile kwamba majengo yenye fahari humwinua mkosaji akatubu. Matokeo yalikuwa kinyume: vyumba vilijaa kupita kiasi, uchafu ukakithiri, na mwisho wafungwa wenyewe walilishitaki jimbo mahakamani, wakashinda, gereza likafungwa mwishoni mwa mwaka 1990. Kwa hiyo lilipofika kundi la Darabont katika kiangazi cha mwaka 1993, jumba lilikuwa tupu, rangi ikibambuka kama ngozi ya mgonjwa, na kundi likapewa bure kile ambacho hakuna fundi awezaye kukighushi.

Hata hivyo hawakulitumia lote. Darabont alitaka vyumba vya wafungwa vitazamane, ili watu wasemezane na kuonana ng'ambo ya ukumbi, ilhali vya Mansfield vyote vimeelekea ukuta wa nje. Kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa Terence Marsh, Mwingereza aliyekwisha kutunukiwa Oscar kwa Doctor Zhivago na kwa Oliver!, ambaye alijenga ukumbi mzima wa vyumba, wa ghorofa tatu, ndani ya kiwanda cha zamani cha Westinghouse kilichokuwa kimefungwa karibu na hapo. Mtazamaji hupita kutoka mawe ya Scofield hadi mbao za Marsh bila kujua kwamba amevuka mpaka, na hiyo ndiyo sifa kubwa kwa fundi wa aina yake, ingawa ni sifa ambayo kwa tabia yake humficha mwenyewe.

Aliyeziunganisha sehemu hizo mbili kwa mwanga ni Roger Deakins. Robbins, akijua kwamba mwongozaji ni mgeni wa kazi, alisisitiza atafutwe mpiga picha mzoefu, na Deakins alikuwa ametoka kufanya naye kazi katika The Hudsucker Proxy. Mzaliwa wa Torquay, Uingereza, Deakins alijifunza kazi katika filamu za mambo ya kweli, na ujana wake ulimfikisha kwenye vita vya ukombozi wa Zimbabwe na vya Eritrea akiwa na kamera begani. Mtu aliyewahi kupiga picha mahali ambapo hawezi kuomba tukio lirudiwe huwa na utulivu ambao shule haifundishi. Mwanga wake katika Shawshank hauna majivuno. Huingia kwa dirisha, huanguka juu ya vumbi, hufifia. Hata pale wafungwa wanapopaka lami paa la karakana na kupewa bia kwa ujasiri wa Andy, tukio ambalo lilikuwa shida kubwa kulipiga kwa sababu lami ilikauka upesi na saa zilikwisha, jua halikufanywa kuwa muujiza. Ni jua tu, na watu wamekaa wakilipokea.

Kazi ilikuwa ya saa kumi na tano hata kumi na nane kwa siku, siku sita kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu. Bomba la uchafu ambalo Andy alitambaa ndani yake akitoroka lilijazwa maji, unga wa mbao na sharubati ya chokoleti, harufu ambayo nasikia ilikuwa tamu kuliko ilivyostahili. Lakini kijito alichotokea baada ya bomba kilikuwa kijito cha kweli, na wapimaji walipokichunguza walikuta maji yake si salama kwa mwanadamu. Robbins aliingia hivyo hivyo. Picha ile ya mtu aliyetanua mikono chini ya mvua, ambayo imebandikwa katika vyumba vya wanafunzi ulimwengu mzima, ni ya mtu asimamaye katika maji yenye sumu.

Katika chumba cha uhariri, Richard Francis-Bruce wa Australia alipokea filamu ndefu ya kiasi cha saa mbili na nusu na kuipunguza hadi dakika 142, na miongoni mwa yaliyokatwa ni sehemu ya taabu za Red baada ya kuachiliwa. Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa mwisho wa filamu. Mswada wa Darabont ulimwacha Red ndani ya basi, aelekea mpaka wa Meksiko, alikokimbilia Andy, bila sisi kujua kama atamkuta rafiki yake. Castle Rock ilitaka marafiki waonane. Darabont, aliyekataa mamilioni ya Reiner, hapa alilegea, kwa kuwa alipewa uhuru wa kulipiga tukio na kisha kuamua. Wakaenda kisiwa cha Saint Croix, bahari ikasimama mahali pa Pasifiki ya Meksiko. Wako wahakiki waonao kwamba mwisho huo ni peremende. Mimi siafikiani nao, kwa sababu tazama jinsi alivyoupiga: kamera haikuwasogelea, maneno yao hayasikiki, kukumbatiana kwao kwaonekana kwa mbali, kama jambo lisilotuhusu. Alikubali kuwakutanisha, alikataa kutusogeza karibu na kukumbatiana kwao.

Na muziki ulipita katika mizani hiyo hiyo. Thomas Newman alilalamika kwamba filamu ilikuwa imekwisha kusheheni hisia kabla hajaandika noti moja, na kazi yake ikawa kujizuia. Kwa safari ya mwisho ya Red alitumia zumari la Kizungu, obo, peke yake. Darabont akamwomba atie kidogo kinanda cha mdomo, kwa ukumbusho wa kile ambacho Andy alimpa Red gerezani. Newman hakupenda, akatii, na mpigaji Tommy Morgan alikitoa kipande hicho sawasawa kwa mara ya kwanza. Ama wimbo wa Kiitaliano unaotoka katika vipaza sauti vya gereza na kuwaduwaza wafungwa uwanjani, ni wa Mozart, kutoka The Marriage of Figaro, kwa sauti za Edith Mathis na Gundula Janowitz. Haumo kitabuni, ni nyongeza ya Darabont, na ni nyongeza iliyokipita kitabu.

Filamu ilitoka Septemba 1994, ikaanguka. Ilipoenea nchini mwezi wa Oktoba ilikutana na Pulp Fiction mlangoni, na Forrest Gump ikiwa bado inatamba. Jina lake halikutamkika, habari za magereza hazikuwavutia watu, na hakuna mwanamke wa maana ndani yake isipokuwa wale wa kwenye picha za ukutani. Mapato ya kwanza yalikuwa kiasi cha dola milioni 16, chini ya gharama. Ilipendekezwa kupewa tuzo saba za Oscar, ikarudi mikono mitupu; tuzo ya filamu bora ilichukuliwa na Forrest Gump, na ya muziki ilimwendea Hans Zimmer kwa The Lion King, filamu iliyoufundisha ulimwengu kutamka hakuna matata bila kujua lugha ilikotoka. Deakins, ambaye hilo lilikuwa pendekezo lake la kwanza, alisubiri hadi mwaka 2018 kuipata Oscar yake.

Uhai wa pili ulikuja kwa kanda za video, zilizoazimwa kwa wingi mwaka 1995, na kisha kwa televisheni, pale kampuni ya Ted Turner, iliyokwisha kuinunua Castle Rock, ilipoanza mwaka 1997 kuionyesha mara kwa mara katika stesheni ya TNT, kwa kuwa filamu ya kampuni yenyewe iligharimu kidogo sana kuionyesha. Tangu mwaka 2008 imeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya watazamaji wa IMDb, na mwaka 2015 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika hazina ya filamu za kuhifadhiwa. Gereza la Mansfield, lililokuwa libomolewe, sasa hupokea watalii. Na kwa kuwa mikataba ya chama cha waigizaji wa Marekani humpa mwigizaji sehemu ya fedha kila filamu yake ionyeshwapo, wale waliopewa maneno ya kusema hata kidogo wameendelea kulipwa. Bob Gunton, miaka ishirini baada ya kuivua suti ya Norton, alisema kwamba hundi bado zinafika, na kwamba anatazamia binti yake atakuja kuendelea kuzipokea.